Kuihakiki "Abigail" ya King Diamond: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wapenzi wa muziki, na hasa wanaoanza kuandika uhakiki, huyarudia kila albamu hii inapotajwa. Majibu yote yanaongozwa na msimamo mmoja: albamu ya roki nzito iliyojaa mizuka na laana ihukumiwe kama tamthilia inavyohukumiwa, yaani kwa kuuliza ni nani anayesema, anasemaje, na kama muziki unakibeba kile anachokisema. Aliyeishia kutishwa na alama zake bado hajaanza kuhakiki, na aliyeishia kuzishangilia yuko palepale alipo mwenzake.

## Mambo ya msingi

1. "Abigail" ni albamu gani?

Ni albamu ya pili ya bendi ya King Diamond, iliyotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Roadrunner. Ilirekodiwa katika studio ya Sound Track mjini Copenhagen, Denmark, kati ya Desemba 1986 na Februari 1987. Ina nyimbo 9 zinazochukua dakika 40 hivi, na zote zinasimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Albamu iliyoitangulia, "Fatal Portrait" ya mwaka 1986, ilikuwa na hadithi iliyounganisha nyimbo kadhaa tu. Katika "Abigail" hakuna wimbo uliosimama nje ya kisa, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mhakiki hana budi kulizingatia, kwa kuwa ukiuchomoa wimbo mmoja na kuupima peke yake utakuwa umepima sura moja ya kitabu.

2. King Diamond ni jina la mtu au la bendi?

Ni la vyote viwili, na mkanganyiko huo huharibu uhakiki mwingi. Mtu ni Kim Bendix Petersen, mwimbaji wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1956, ambaye kabla ya hapo aliimba katika bendi ya Mercyful Fate. Bendi hiyo ilitoa "Melissa" mwaka 1983 na "Don't Break the Oath" mwaka 1984, kisha ikavunjika mwaka 1985, naye akaunda bendi mpya kwa jina lake la jukwaani. Unapoandika, weka wazi unamzungumzia nani: sifa ya magitaa ya "Abigail" si ya mwimbaji peke yake, na mawazo ya mwimbaji kuhusu dini si lazima yawe ya mpiga ngoma.

3. Ni akina nani waliopiga vyombo?

Magitaa yalipigwa na Andy LaRocque wa Uswidi na Michael Denner wa Denmark, besi ikapigwa na Timi Hansen, na ngoma na Mikkey Dee, naye Mswidi. Denner na Hansen walitoka Mercyful Fate pamoja na mwimbaji. Roberto Falcao, fundi wa sauti, alipiga pia vinanda.

Inafaa kujua kilichowapata baadaye, kwa sababu kinaeleza kwa nini sauti ya albamu hii haikurudi tena kwa namna ileile. Denner na Hansen waliondoka baada ya albamu hii. Dee aliendelea hadi "Conspiracy" ya mwaka 1989, na kuanzia mwaka 1992 akawa mpiga ngoma wa bendi ya roki ya Motörhead. Hansen alifariki mwaka 2019. LaRocque ndiye aliyebaki na mwimbaji miaka yote.

4. Sijazoea muziki mzito. Nitaisikilizaje nisipotee?

Isikilize mara ya kwanza bila kusoma maneno, ukijiuliza tu ni wapi sauti inabadilika na ni wapi mwendo unapungua. Mara ya pili shika maneno mkononi na uyafuate mstari kwa mstari. Baada ya hapo vaa vipokea sauti vya masikioni, kwa maana sauti za kwaya zimepangwa kushoto, kulia na nyuma, na baadhi ya yanayosemwa huko nyuma hayasikiki kwenye spika ya simu. Usianze kuandika kabla ya hatua hiyo ya tatu.

## Hadithi yenyewe

5. Kisa kinahusu nini?

Ni kiangazi cha mwaka 1845. Jonathan La'Fey na mkewe Miriam Natias wanawasili usiku, ndani ya gari la farasi na katikati ya mvua, kwenye jumba la kale ambalo Jonathan amelirithi. Njiani wanakutana na wapandafarasi 7 waliovaa nyeusi, wanaowasihi wageuze na kuwaonya kwamba wakikaidi, 18 itakuwa 9. Jonathan anawadharau, na wanandoa wanaingia ndani.

Usiku huo mzuka wa jamaa yao, Kabaila La'Fey, unamtokea Jonathan, unamshusha hadi kwenye chumba cha makaburi kilicho chini ya jumba, na kumwonyesha jeneza la mawe lenye maiti ya kichanga. Unamwambia kwamba roho ya mtoto huyo, Abigail, imekwisha kuingia ndani ya Miriam, na kwamba njia ya kuizuia isizaliwe upya ni kumuua Miriam. Wimbo unaofuata unaturudisha tarehe 7 Julai 1777, siku ambayo Kabaila, baada ya kugundua kwamba mimba ya mkewe si yake, alimsukuma ngazini. Mwanamke alivunjika shingo, mtoto akazaliwa mfu, na Kabaila akaikausha maiti ya mtoto isioze ili vizazi vijavyo viikute.

Tukirudi mwaka 1845, dalili zinaanza. Miriam anapata mimba inayokua kwa kasi isiyo ya kawaida, na sauti ya Abigail inaanza kusema kupitia kinywa chake. Jonathan anaamua kutii mzuka, anampeleka mkewe ngazini, lakini kabla hajamsukuma anageuza macho kidogo, na anayesukumwa anakuwa yeye. Miriam anajifungua na kufa, na kitu cha mwisho anachokiona ni macho ya njano. Wapandafarasi wanarudi, wanamkuta mtoto ndani ya lile jeneza la mawe, na kumchukua kwenda kumzika msituni.

6. Je, ni haki kufichua mwisho katika uhakiki?

Kwa albamu iliyotoka mwaka 1987, ndiyo, tena ni vigumu kuihukumu bila kufanya hivyo, kwa sababu nguvu ya wimbo wa mwisho, "Black Horsemen", inategemea ulinganifu wa ngazi mbili: mke aliyesukumwa mwaka 1777 na mume aliyesukumwa mwaka 1845. Kwa albamu mpya ya aina hii ningeeleza mazingira na mgogoro, kisha ningeishia hapo.

7. Ni sehemu gani ya hadithi iliyoandikwa vizuri zaidi?

Wengi hutaja wimbo wa "Arrival" kwa sababu ya wapandafarasi, lakini mimi nitautaja "Omens". Hapo hakuna mzuka unaoonekana wala damu. Kengele ya kanisa inalia na hakuna aliyeigusa, maua yote yamekufa, na jioni meza ya chakula inakutwa imeandaliwa watu watatu ilhali nyumba ina wawili. Kisha kitanda cha mtoto kinaonekana kikibembea hewani bila kitu ndani yake, na mume na mke wanaanza kujibizana, kila mmoja akikana kwamba ndiye aliyekileta.

Majibizano hayo ndiyo ubora wenyewe. Hofu imeshaingia ndani ya ndoa: watu wawili waliofika pamoja wameanza kutiliana shaka kuhusu kifaa cha mtoto, katika nyumba ambayo bibi wa zamani aliuawa kwa sababu ya shaka ya mumewe juu ya mtoto. Mtunzi hasemi kwamba historia inajirudia. Anaweka sahani ya tatu mezani na kutuachia wenyewe tuhesabu. Mhakiki akitaka mfano mmoja wa kuthibitisha kwamba albamu hii ina fasihi ndani yake, autoe hapa.

8. "18 itakuwa 9" maana yake ni nini?

Onyo limeachwa kama fumbo. Wasikilizaji wameona kwamba tarakimu za mwaka 1845 zikijumlishwa zinatoa 18, na za 18 zikijumlishwa zinatoa 9, ambayo ni idadi ya miezi ya mimba. Usomaji huo unalingana na kisa, hasa kwa kuwa mimba ya Miriam haingoji miezi hiyo. Lakini usiuwasilishe kama ufunguo wa albamu nzima. Kazi ya fumbo hili jukwaani ni kuwafanya wanaoonywa wasielewe wanachoonywa, na kwa hiyo wakaidi.

## Sauti na vyombo

9. Ni waimbaji wangapi wanaosikika?

Ni mmoja. Sauti nyembamba ya juu kabisa, ile ya falseto, sauti ya kati yenye ukali, mkoromo wa chini, minong'ono na kwaya, zote ni za King Diamond aliyejirekodi tena na tena na kuzipanga juu ya nyingine. Anayejua ngano zetu atakumbuka jinsi msimulizi hodari anavyobadili sauti zimwi linapoingia, mpaka mtoto aliyefumba macho anajua ni nani anayesema kabla jina halijatajwa. Ndivyo mambo yalivyo hapa: msimulizi ana sauti yake, Jonathan ana yake, mzuka wa Kabaila una yake, na sauti ya Abigail ndani ya Miriam haifanani na yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo swali la mhakiki kuhusu mwimbaji huyu si kama ana sauti tamu. Swali ni kama mgawanyo wa sauti unaeleweka. Kwa sehemu kubwa unaeleweka, na ubora wake unaonekana zaidi katika wimbo wa "Abigail", ambapo Jonathan anasemezana na kiumbe kilicho ndani ya mkewe, na mabadilishano hayo yanafuatana kwa kasi bila msimulizi kuingilia kati na kutuambia nani amejibu. Mahali panapochanganya ni katika "The Family Ghost", ambapo sauti ya mzuka na ya msimulizi zinakaribiana mno, na asiye na maneno mkononi anaweza kupoteza uzi.

10. Falseto inanichosha masikio. Nikiandika hivyo nitakuwa nimekosea?

Hutakuwa umekosea ukisema kwamba inakuchosha, kwa sababu hilo ni kweli kwa wasikilizaji wengi wa mara ya kwanza. Utakuwa umekosea ukiishia hapo. Eleza inatokea wapi na kwa sababu gani: katika albamu hii sauti hiyo hutumika zaidi pale mhusika anapotawaliwa na kitu kinachomzidi nguvu, iwe ni hofu, iwe ni roho. Ukiona mahali ambapo imetumika bila sababu hiyo, pataje. Mimi naona ipo mistari ya "A Mansion in Darkness" ambayo inapanda juu kwa mazoea tu, na ingepata uzito zaidi ikisemwa chini.

11. Magitaa na ngoma vina nafasi gani katika tamthilia hii?

Nafasi kubwa kuliko wanavyopewa na wahakiki wengi, ambao hutumia aya tano kueleza rangi anayojipaka mwimbaji usoni na sentensi moja kwa wapigaji. Sikiliza mwanzo wa "The 7th Day of July 1777". Unaanza na gitaa lisilo la umeme, peke yake, kwa upole ambao albamu haikuwa nao hadi hapo, na upole huo ndio unaotuambia kwamba tumetoka mwaka 1845 na kurudi nyuma. Hakuna anayetangaza mwaka kabla ya gitaa kuubadilisha. Gitaa la namna hiyo linarudi mara moja tena, mwanzoni mwa "Black Horsemen", na msikilizaji mwenye kumbukumbu anashtuka: mara ya kwanza lilitangulia kifo ngazini.

Michael Denner na Andy LaRocque wanapiga solo, yaani vipande ambapo gitaa moja huongoza, kwa tabia tofauti. Denner hukaa karibu na buluzi na roki ya miaka ya 1970, akiacha noti ipumue, ilhali LaRocque hupanga noti zake kwa mtindo unaokaribia muziki wa zama za Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani. Solo zao hupokezana kama wahusika wawili, na msikilizaji akishawatenganisha hatawachanganya tena. Mikkey Dee anapiga ngoma kwa nguvu na werevu usio wa kawaida. Mabadiliko ya mwendo ndani ya "Arrival", ambayo bendi nyingine ingeyaacha yasikike kama vipande vilivyoshonwa, kwake yanapita bila mshono kuonekana.

12. Je, sauti ya kurekodiwa imezeeka?

Kidogo. Mwangwi mwingi kwenye ngoma na vinanda vya miaka ya 1980 vinajulikana mara moja. Hata hivyo, mwangwi ule unafaa jumba la mawe, na vinanda vya Falcao vimewekwa kwa uchache. Usiukosoe umri wa rekodi kana kwamba ni kosa la utunzi.

## Uchawi, shetani na imani

13. Je, huu ni muziki wa kumwabudu shetani?

Albamu hii haina ibada ya shetani ndani yake. Ni kisa cha mzuka, laana ya ukoo na mtoto aliyezaliwa upya akiwa na roho mbaya, na katika kisa hicho uovu unaonywa, unaogopwa, na mwishoni unakwenda kuzikwa na watu wanaojaribu kuuzuia. Ukipenda kuutazama kimaadili, anayeangamia hapa ni mwenye kiburi aliyepuuza onyo na mwenye wivu aliyemwaga damu. Mercyful Fate ndiyo iliyokuwa na maneno ya kishetani waziwazi, na wanaozichanganya bendi hizi mbili huipa "Abigail" sifa isiyo yake.

14. Lakini mwimbaji mwenyewe si amejitangaza kuwa na imani hiyo?

Ameeleza hadharani kwa miaka mingi kwamba alikubaliana na mawazo ya Anton LaVey, Mmarekani aliyeanzisha Kanisa la Shetani mjini San Francisco mwaka 1966. Mafundisho ya LaVey hayamchukulii shetani kuwa kiumbe aliye hai anayeabudiwa, bali kama alama ya mtu kujitegemea na kukataa utiifu. Msomaji ana haki ya kuyakataa mawazo hayo, na wengi watayakataa. Mhakiki ana wajibu wa kuyaeleza jinsi yalivyo, kwa sentensi mbili au tatu, kisha arudi kwenye kazi iliyo mbele yake.

15. Kwa nini basi kulikuwa na kelele nyingi Marekani?

Mwaka 1985 kikundi cha wazazi kilichojulikana kama PMRC, akiwemo Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore, kilitoa orodha ya nyimbo 15 kilizoziona kuwa hatari kwa watoto. Nyingi zilitajwa kwa ajili ya ngono, vurugu au ulevi. Mbili zilitajwa kwa ajili ya uchawi, na moja kati ya hizo ilikuwa "Into the Coven" ya Mercyful Fate. Mwaka huohuo Seneti iliendesha kikao kuhusu suala hilo, na matokeo yake yalikuwa lebo ya onyo kwa wazazi iliyoanza kubandikwa kwenye albamu. Kwa hiyo "Abigail" ilipofika madukani miaka miwili baadaye, jina la mwimbaji lilikuwa limeshatangulia na tuhuma. Haya ni mazingira ya albamu, na yanastahili aya moja katika uhakiki wako, si zaidi.

16. Wasomaji wangu ni watu wa dini, na kwao roho kumpagaa mtu si hadithi. Nitawaandikiaje?

Kwa heshima na bila kuficha. Katika jamii zetu wapo wanaoamini kwamba jini au pepo humpanda mtu kweli, na wapo waliowahi kukaa na ndugu aliye katika hali hiyo. Kwao maneno ya wimbo wa "The Possession", unaohusu kupagawa kwa Miriam, hayatakuwa burudani. Waambie mapema kilichomo: mauaji ya mke mjamzito, maiti ya mtoto, kupagawa, na mwisho wa kutisha. Mwenye kutaka kujiepusha ajiepushe akiwa anajua anachokiepuka.

Usiwadharau kwa kuwaita washamba, wala usijifanye umeshtuka ili uwapendeze. Ukishatoa maelezo hayo, andika uhakiki wako kwa utulivu uleule ambao ungeutumia kwa tamthilia yoyote yenye wachawi na mizuka, ambazo hata shuleni tumezisoma.

## Jukwaa

17. Rangi ya usoni na mifupa vihesabiwe katika uhakiki wa albamu?

Vitajwe, visitawale. King Diamond ameeleza kwamba alimwona Alice Cooper, mwimbaji wa roki wa Marekani, mjini Copenhagen mwaka 1975, na kwamba rangi usoni mwa mwimbaji yule ilimfanya aonekane kama si mtu wa dunia hii. Tangu hapo alitaka kuwa na uwezo huo. Kipaza sauti chake hushikiliwa na mifupa ya mguu iliyofungwa kwa umbo la msalaba. Mchoro wa uso wake ulibadilika baada ya malalamiko ya Gene Simmons wa bendi ya KISS kwamba ulifanana mno na wake.

Yote hayo ni ya jukwaani. Aliyeinunua rekodi mwaka 1987 na kuizima taa chumbani hakuwa na rangi wala mfupa mbele yake. Alikuwa na sauti tu. Kama albamu inatisha gizani, basi tamthilia imo ndani ya sauti. Kwa maoni yangu imo.

## Maswali magumu

18. Wimbo wa kwanza, "Funeral", ni mazishi ya mwaka gani?

Wengi huandika kwamba ni ya mwaka 1777, kwa sababu tarehe hiyo inatajwa. Nadhani wamekosea, na ushahidi umo katika maneno yenyewe. Msemaji anasema kwamba sasa wanajua Abigail alizaliwa mfu kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 1777. Asingesema "mara ya kwanza" kama hapakuwa na mara ya pili, na asingesema "sasa tunajua" katika mwaka wa tukio lenyewe. Anaagiza pia mtoto apigiliwe kwenye jeneza kwa misumari 7 ya fedha: mmoja katika kila mkono wa juu, kila kiganja na kila goti, na wa mwisho mdomoni, asije akainuka tena. Kabaila wa mwaka 1777 alitaka mtoto akutwe na vizazi vijavyo (tazama swali la 5), kwa hiyo kumzuia kwa misumari kungekwenda kinyume na nia yake. Tena misumari ni 7, kama walivyo 7 wapandafarasi.

Hivyo albamu inaanza na tukio lake la mwisho. "Black Horsemen" inapoishia na safari ya kwenda msituni, msikilizaji anayerudisha rekodi mwanzo anaikuta safari hiyo imefika. Ni mpangilio wa werevu mkubwa, na uhakiki unaousahau unakosa nusu ya utunzi.

19. Msimulizi anaficha nini mwishoni, na je, huo ni udhaifu?

Wapandafarasi wanapomkuta mtoto ndani ya jeneza la mawe, anakula kitu, na msimulizi, ambaye hadi hapo ametueleza kila aina ya uovu bila kusita, anakataa kusema ni kitu gani. Si udhaifu hata kidogo. Ametusimulia mauaji ya mama mjamzito kwa utulivu, kwa hiyo anapokwama sisi wenyewe tunapima ukubwa wa alichokiona. Mtunzi wa kawaida angekitaja, na kingebaki kuwa mzaha wa damu.

20. Je, albamu inawatendea vipi wanawake?

Hapa ndipo ninapoikosoa kwa uzito zaidi. Mke wa Kabaila hana jina. Miriam ana jina, lakini maneno yake mwenyewe ni machache, na kuanzia "The Possession" mwili wake unakuwa chombo cha mwingine. Jonathan, aliyeambiwa na mzuka wa muuaji kwamba amuue mkewe, hapingi kwa muda mrefu. Inawezekana kuisoma albamu kama lawama dhidi ya wanaume wa ukoo huu, ambao kila mmoja anafika ngazini na kunyosha mkono, na muziki unaunga mkono usomaji huo kiasi. Lakini lawama hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama tungemsikia Miriam akiwa Miriam, walau kwa beti mbili, kabla hajanyang'anywa sauti. Nafasi ilikuwepo katika "Omens", na imetumika kidogo mno.

21. Nitumie toleo lipi ninapohakiki?

Lile la nyimbo 9. Toleo jipya la mwaka 1997 liliongezewa wimbo wa "Shrine" na michanganyo ya awali ya nyimbo kadhaa. Ni vizuri kuvisikia, lakini chochote kinachokuja baada ya "Black Horsemen" kinavunja mzunguko ulioelezwa katika swali la 18.

22. "Abigail II" ya mwaka 2002 ihesabiwe kama sehemu ya kisa?

Iandikiwe uhakiki wake. Mwendelezo huo unadai kwamba Abigail hakuuawa na kwamba Jonathan alinusurika kuanguka, na ulipigwa na wanamuziki tofauti, isipokuwa LaRocque na mwimbaji: Mike Wead kwenye gitaa, Hal Patino kwenye besi na Matt Thompson kwenye ngoma. Una nyimbo nzuri. Lakini ukiusoma kuwa sehemu ya kisa cha mwaka 1987, misumari ya "Funeral" inapoteza maana na mazishi yanakuwa jambo lisilokamilika, na mimi sioni sababu ya kuiruhusu kazi ya baadaye iidhoofishe ya kwanza.

23. Je, rekodi ya jukwaani inaweza kuchukua nafasi ya albamu?

Haiwezi, ila inafaa sana kuisikiliza sambamba. King Diamond alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo mwaka 2010, kisha katika ziara ya mwaka 2015 bendi iliipiga "Abigail" nzima kwa mfuatano. Onyesho la Philadelphia la mwaka huo na la tamasha la Graspop nchini Ubelgiji la mwaka 2016 yalitolewa pamoja mwaka 2019 kwa jina la "Songs for the Dead Live". Sauti ya mtu aliyekaribia miaka 60 imeshuka na kukomaa katika mistari ya msimulizi, na hapo anamzidi kijana wa mwaka 1987. Katika kwaya, ambazo studioni alizipanga peke yake tabaka juu ya tabaka, analazimika kusaidiwa na waimbaji wengine, na mtu mmoja aliyekuwa nyumba nzima ya wahusika anageuka kuwa kiongozi wa kikundi. Ukiandika kuhusu tofauti hiyo utakuwa umeandika kuhusu kiini cha albamu ya kwanza.